Maksai Hapandi Ndege

Nasike, mjane wa Lokuruka, amezoea kukasirika kama wengine walivyozoea chai: asubuhi, mchana, na tena wageni wakija. Husuka vikapu vya makuti ya mkoma na kuviuza kando ya barabara pale Kanamkemer, ng'ambo ya daraja la Turkwel. Mteja anayeomba apunguziwe huondoka na kikapu kwa bei ileile, pamoja na maoni ya bure kuhusu malezi yake. Kuna watu wa ofisini wanaozunguka nyuma ya kanisa ili wasipite mbele yake mikono mitupu. Lodwar imemzoea. Lakini hasira ya mwaka 2012 haikuwa ya matumizi ya kila siku. Ile ilikuwa na maksai ndani yake.

Bintiye Akal aliolewa na Mjerumani. Neno "aliolewa" ndilo lililoleta matata yote, kwa hiyo tulishike polepole. Mjerumani mwenyewe aliitwa Yurgen, fundi wa visima aliyekuja Kakuma kuwachimbia maji wakimbizi, na Akal alikuwa mkalimani wa shirika hilohilo. Walipendana, wakaenda Nairobi kuweka sahihi mbele ya mtu wa serikali, wakapewa cheti, wakahamia mji mdogo karibu na Nuremberg, wakapata mtoto wa kike wakamwita Nawoi. Yurgen hakuwa mchoyo. Mbuzi na ngamia wa mahari walifika kwa wakati, wakapokewa na Lomuria, mdogo wa marehemu Lokuruka, na hakuna aliyelalamikia afya yao. Kilichobaki ni maksai.

Kwa Waturkana, cheti cha serikali ni kitu kizuri cha kuweka sandukuni pamoja na kadi ya kliniki. Ndoa ni maksai. Bwana harusi huja nyumbani kwa kina msichana, humchoma maksai mkuki mbele ya watu, na damu ikishagusa ardhi ya nyumba ile, hapo ndipo msichana huwa mke wa mtu. Huvikwa shingoni pete ya chuma iitwayo alagama, na watoto wake huhesabiwa upande wa baba yao. Kabla ya hapo, hata awe na watoto saba na digrii mbili, yeye ni apese, yaani msichana, na ni wa kwao.

Nasike alilijua jambo hili kwa mgongo wake. Lokuruka alimchukua wakakaa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, na maksai akaahidiwa mwaka uleule. Mwaka uleule mvua ikakosa. Uliofuata, wezi wa mifugo wakavuka mpaka wakaondoka na zizi lote. Uliofuata tena, mzee wa Lokuruka akasema tungoje kidogo, na kidogo cha wazee kinajulikana. Nasike akazaa Ewoi, bado ni apese. Kisimani wenye pete huteka kwanza, na yeye alisimama nyuma, akasimama hata nyuma ya mabinti aliowabeba walipokuwa wachanga. Maksai alipochinjwa hatimaye, Ewoi alikuwa anachunga mbuzi peke yake. Siku ile Nasike alivaa pete yake, na tangu hapo ameivua mara moja tu, alipofiwa, akairudisha matanga yalipokwisha. Akaapa kwamba binti yake hatasimama nyuma ya mtu.

Basi mwezi wa tisa Ewoi alikuja kutoka Kakuma na karatasi.

Ewoi, kifungua mimba wake, alikuwa ofisa wa mahusiano na jamii katika shirika fulani kambini, kazi ambayo maana yake ni kuwaeleza wananchi kwa nini kisichofanyika hakikufanyika. Alikuwa na shati la mikono mirefu na simu mbili. Aliketi barazani kwa mama yake, Lomuria akaitwa, na Ewoi akatangaza kwamba shemeji Yurgen anawaalika wote watatu Ujerumani kwa Krismasi. Mpango wote ulikuwa tayari, na picha za rangi, umechapwa kwa wino wa ofisi. Wangeshukia Munich, waende Nuremberg wakae na Akal na mtoto, kisha wapande treni hadi Salzburg na Vienna, kwa Waaustria, ambao Ewoi alieleza kwamba ni watu wengine wanaoongea Kijerumani kilekile, kama sisi na Wajie wa Uganda tunavyosikilizana tukitaka.

Na huko kote wangefanya nini? Wangetembelea masoko.

Nasike, ambaye ameketi sokoni maisha yake yote, aliuliza masoko hayo yana nini. Ewoi akasoma. Kuna vibanda vya mbao vyenye taa. Kuna mikate ya tangawizi yenye umbo la moyo, ambayo hutundikwa shingoni kwa utepe. Kuna mvinyo uliochemshwa, na watu huunywa wamesimama nje kwenye theluji.

"Pombe wanaichemsha kwa nini?" Nasike akauliza.

"Baridi, mama."

"Na kwa nini hawakai ndani?"

Jambo hilo halikuwamo kwenye mpango. Ewoi akaruka ukurasa. Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya zizi la mbao, ndani yake Mtoto Yesu wa mbao, na kando yake wachungaji wa mbao na kondoo wa mbao. Watu, akasoma, husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwatazama. Lomuria, aliyechunga kondoo wenye pumzi miaka yote bila mtu yeyote kusafiri kumtazama, aliomba hapo parudiwe. Paliporudiwa, aliuliza kondoo hao wanalindwa na nani usiku. Ewoi akasema na polisi. Lomuria akaifikiria barabara ya Lokichoggio, ambayo nayo inalindwa na polisi, na bado watu huporwa.

Nasike, lazima tuseme ukweli, alifurahi. Hakuwa amemwona mjukuu wake isipokuwa kwenye simu, akiwa mdogo kama dole gumba na amegandaganda. Kuhusu maksai hakuuliza, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba kuna la kuuliza. Mtu hamkaribishi mama mkwe kwake kabla hajamaliza mambo kwa mama mkwe. Aliona wazi kwamba Yurgen atakuja kwanza, atachinja, kisha waondoke pamoja. Mpango haukutaja hilo, lakini haukutaja pia kwamba jua litachomoza.

Kesho yake wakaenda studio kupiga picha za pasipoti. Mpiga picha alikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, akalisogeza ukabaki ukuta mweupe, akamketisha Nasike kwenye stuli. Hapo Ewoi akasema, kwa ile sauti yake ya mikutano, kwamba pete itabidi ivuliwe. Ni sheria.

"Sheria ya nani?"

"Ya serikali, mama. Hawataki chuma shingoni."

"Serikali ndiyo ilinivika?"

Mpiga picha akashusha kamera. Ewoi akaeleza habari za uwanja wa ndege, za mashine zinazolia, za aibu ya kuvuliwa mbele za watu. Lomuria alikuwa mlangoni, na kwa kuwa alitaka kusaidia, na kwa kuwa jana usiku alikuwa ameota soseji ambazo Ewoi alimwambia huuzwa ndefu kama mkono, alisema:

"Vua tu, shemeji. Hata ya Akal si tumeiacha? Hii safari si ndiyo maksai?"

Mpiga picha, mtu mwenye busara, alirudi nyuma ya maporomoko.

Nasike hakusema neno. Wanaomjua wanasema hiyo ndiyo ishara ya kuhama mtaa. Alimtazama Ewoi, na Ewoi akakumbuka kwamba gari la shirika linaondoka kwenda Kakuma muda huohuo, akasema mama tutaongea, akaenda. Akabaki Lomuria. Alikamuliwa barazani jioni nzima mpaka akatoa alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi: kwamba Ewoi alimjia mwezi wa saba, akamwambia Mjerumani ameomba asamehewe maksai, badala yake atawapeleka wazee Ulaya, kwamba yeye Lomuria aliona ni jambo la heshima, na kwamba Ewoi alisema mama keshakubali.

"Na wewe hukuniuliza?"

Lomuria akasema alidhani alimwuliza kwa kumsikiliza Ewoi. Sentensi hiyo haikuwa na maana hata kwake, na aliomba ruhusa ya kwenda kuangalia mbuzi.

Barabara ya Lodwar kwenda Kakuma miaka ile ilikuwa jina tu. Magari yalipita pembeni yake. Nasike alipanda lori la mahindi ya msaada. Dereva alimkaribisha kabini kwa heshima ya umri wake, na kufika katikati ya njia alikuwa anajutia heshima hiyo, maana alikuwa ameshajua habari za maksai, za Lokuruka, za kisima cha Namoruputh, na alikuwa ameulizwa yeye mwenyewe amechinja wapi. Hakuwa amechinja. Alimshusha Kakuma akamwahidi kwamba mwaka ujao atachinja.

Nyumba ya Ewoi ilikuwa imefungwa. Jirani akasema yuko kambini kwa Agot.

Agot alikuwa Mdinka wa Bor, mrefu, mjane kama Nasike, aliyeingia Kakuma zamani akiwa na watoto mkononi na sasa ana duka la mabati. Aliuza kitu kimoja: makoti ya baridi. Humo kambini watu hungoja majina yao yatoke, ya kwenda Amerika, Kanada, Australia, na jina likitoka mtu hukimbilia kwa Agot. Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Ndani makoti yalining'inia safu kwa safu, yamejaa pamba na manyoya, na Agot aliyaita kwa nchi zake. Lile ni Minnesota. Hili, la kofia, ni Winnipeg.

"Ejok, Mama Ewoi," akamsalimu kwa Kiturkana. "Yako iko tayari. Hii ya bluu. Ewoi alisema mabega yenu ni moja."

Makoti matatu yalikuwa yamewekwa kando: la bluu la Nasike, jeusi lenye ukosi wa manyoya la Lomuria, na jekundu la Ewoi. Nasike akagusa la bluu kwa kidole kama mtu anayegusa nyama ya jana.

Agot aliuliza kama wanahamia huko. Nasike akasema hapana, wanaenda kutazama soko. Agot aligeuka akatazama nje, kwenye soko lake mwenyewe, ambapo Mkongo alikuwa anagombana na Msomali juu ya ndoo ya vitunguu, akarudisha macho.

"Mimi nauzia watu koti kwa sababu nyumba yao ilichomwa," akasema. "Yako imechomwa na nani?"

"Mtoto wangu."

Akamweleza yote. Agot alisikiliza amekaa juu ya gunia, mikono magotini. Mabinti wake wawili, Arek na Anyieth, waliolewa vita vikiwa bado vinaendelea, na ng'ombe wao walihesabiwa mmoja mmoja kule Bor, mabomu yakianguka, na mjomba mmoja alikufa njiani akiwaswaga. Habari ya pete na pasipoti ilimshangaza zaidi. Watu wote wa kambi hii, akasema, wanapigwa picha na shanga zao, na makovu yao ya paji, na kofia za kanisa, wanaenda nazo mpaka Amerika. Hajawahi kusikia mtu ameambiwa toa. Na kuhusu maksai alikuwa na neno moja:

"Kwa sisi, mtu akisema safari badala ya ng'ombe, tunampeleka hospitali."

Ewoi akaingia. Alikuwa anazungumza kwenye simu moja na kuangalia nyingine, kwa hiyo alimwona mama yake kwa kuchelewa.

"Mama. Umekuja na nini?"

"Na lori la mahindi. Kaa."

Akakaa juu ya rundo la makoti. Alianza vizuri, lazima tumpe haki yake. Aliongea kama anavyoongea na wananchi. Alisema dunia imebadilika. Alisema mafuta yamepatikana hapa Turkana mwaka huuhuu, wageni wanamiminika, na sisi bado tunahesabiana kwato. Alisema maksai ni ishara tu, na ishara inaweza kubadilishwa na ishara nyingine wote wakiridhika. Alisema Yurgen ni mtu mwema mwenye tatizo, na tatizo ni kwamba hali nyama.

"Hata supu, mama. Akiona damu anaanguka. Ndiyo maana nikamwonea huruma."

"Nani amemwambia ale?" Nasike akasema. "Nimesema achinje. Kula tutakula sisi."

Agot akajifunika uso na Winnipeg, mabega yakawa yanatikisika.

Ewoi akabadili njia. Akamwuliza kama anajua ni watu wangapi katika kambi hii wangeitaka nafasi hii, wangapi wamengoja miaka ishirini wapande ndege.

"Wape."

"Mama, si kitu cha kupeana—"

"Sasa wewe umepeana nini?" Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na ndiyo iliyomfanya Ewoi aache simu zote mbili. "Sikiliza. Mimi nilisimama nyuma kule kisimani na wewe mgongoni. Ulikuwa mzito. Ulikuwa unalia kiu, na maji nayaona. Wenye pete wakaniambia, apese, nyamazisha huyo mtoto wa kwenu. Wa kwenu, yaani hana baba. Na baba yako alikuwa amesimama palepale, mzima, anashika fimbo. Hakuwa na mdomo wa kusema, kwa sababu hakuwa amechinja. Sasa wewe, uliyekuwa unalia, wewe ndiye unamrudisha dada yako kule nyuma. Kwa nini? Uone kondoo wa mbao."

Ewoi hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Mama yake akanyoosha mkono.

"Pigia Akal."

Simu iliwekwa sauti ya nje, juu ya koti la bluu. Akal alifurahi kumsikia mama yake, kwa muda mfupi. Nasike alimwuliza swali moja: nani alimwambia kwamba mama amesamehe maksai? Akal akasema kwa sauti ndogo kwamba Ewoi alisema mama ndiye aliyetoa wazo. Kwamba mama alisema amezeeka, anataka kuona Ulaya kabla hajafa, na mambo ya ng'ombe yaachwe. Alilia siku ile, akasema. Alijua mama hawezi kusema hivyo, lakini alifikiri labda mama amechoka naye kwa sababu aliondoka. Wanawake wa nyumbani wakiongea naye kwenye simu bado humwita msichana, na yeye hucheka, maana atafanya nini.

Nasike hakumtazama Ewoi. Angemtazama, pengine tungekuwa na habari nyingine ya kuandika. Alimwomba Akal ampe mumewe simu.

Kiswahili cha Yurgen alikipata Kakuma, kwa madereva na Wakongo, na kilikuwa bado kinatembea.

"Mama, mimi niliuliza hii maneno ya ng'ombe," akasema. "Kila saa niliuliza. Ewoi aliniambia imeisha."

"Haijaisha."

"Basi sasa tunafanya nini? Safari yote iko tayari. Hoteli, treni. Mtoto amechora picha ya nyinyi kwa soko."

"Yurgen. Maksai hapandi ndege. Wewe unapanda. Kuja."

Huko Ujerumani mtu aliyepanga safari ya familia nzima, kurasa kwa kurasa, alikuwa anaikunja. Kisha akauliza kama kuna mtu atamsaidia kushika mkuki.

"Mkono wa kwanza ni wako," Nasike akasema. "Wa pili watu watasaidia."

Akatoka nje bila kuaga mwanawe. Mlangoni akamgeukia Agot, akasema yale makoti matatu Ewoi ayachukue. Ameyaagiza, yatapata kazi.

Walikuja Lodwar wiki ya Krismasi: Akal, Yurgen na Nawoi mdogo, ambaye alimtazama bibi yake kwa mashaka, kisha akagundua pete, akawa haiachii. Agot naye alialikwa. Alihitaji kibali cha kutoka kambini, na kibali hicho cha kusafiri toka Kakuma hadi Lodwar kilimsumbua kuliko viza zote za Mjerumani toka Ulaya. Alisema hawezi kukosa. Anataka kuona makoti yake yakivaliwa.

Maana Nasike alikuwa amekwenda kwa wazee wa ukoo na kudai faini. Alisema watu wawili wameuza maksai ambaye hajachinjwa, na kwa bei yake wakanunua baridi. Basi waivae. Wazee walijadili asubuhi nzima kama kuna mfano wa jambo hilo katika mila, wakaona hakuna, wakaona pia kwamba hakuna kinachokataza, na zaidi ya yote walitaka kuliona. Hivyo siku iliyofuata Krismasi, katika jua la Lodwar ambalo mbuzi wenyewe hulikimbia, Ewoi alishika kamba ya maksai amevaa koti jekundu lililofungwa mpaka kidevuni. Kando yake alisimama Lomuria, mwakilishi wa marehemu, mwenye jukumu la kupokea maksai kwa niaba ya ukoo, ndani ya ukosi wa manyoya.

"Mlitaka Ulaya," Nasike akawaambia akipita. "Imekuja."

Vijana walimpiga Ewoi picha kwa simu mpaka akaacha kuwakataza. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kamba. Mzee mmoja alimwuliza Lomuria, kwa upole, kama huko kwa Wajerumani ni baridi kiasi hicho.

Yurgen alikuwa mweupe kuliko kawaida yake, jambo ambalo watu hawakujua linawezekana. Alipewa mkuki. Akal alikuwa upande wa wanawake. Alikuwa ameshika ncha ya shuka yake kwa mikono miwili. Yurgen aliuinua mkuki, akasema neno la Kijerumani, akachoma. Hakuchoma sana, lakini alichoma yeye, mkono wa kwanza ulikuwa wake, na watu wote waliuona. Mikono mingine ikamalizia. Maksai akaanguka upande mzuri. Yurgen alimkabidhi mtu mkuki, akaenda nyuma ya tangi la maji, akatapika, akarudi, akasimama palepale alipokuwa. Lilizuka swali kama hilo linaharibu. Lomuria, huku akijipepea ndani ya manyoya na akitafuta jinsi ya kusamehewe, alitamka haraka kwamba mila inauliza nani amechoma. Haiulizi tumbo lake limefanya nini baadaye. Wazee wakaona amesema vyema. Yurgen akapewa maharage, na nyama ikaliwa na wanaokula nyama.

Jioni wanawake walimvika Akal pete. Nasike hakulia. Alilalamika kwamba fundi ameikaza mno, kisha kwamba ameilegeza, kisha kwamba ngoma imechelewa. Ewoi aliruhusiwa kuvua koti jua lilipotua. Alilitandaza juu ya ua likauke, akaja akasimama mbele ya mama yake, akasema hakujua habari ya kisimani.

"Hukuuliza," Nasike akasema. "Wewe kazi yako kueleza."

Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yote iliyotolewa nyumbani mwao mwaka ule, na wanaowajua wanasema ilikuwa nyingi.

Asubuhi maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba la Kanamkemer, jambo la kuwahi. Akal alichukua mtungi, na Yurgen akambebea mwingine, akiwa amepata rangi kidogo. Njiani alimwambia mama mkwe wake kwamba masoko yale hayaendi popote. Yatakuwapo Krismasi ya mwaka ujao, Nuremberg, Salzburg, yote, na mpango anao bado. Nasike alisema atakwenda. Alisema atakwenda na pete yake, na mashine ikitaka kulia, ilie. Lakini lile koti la bluu atalivaa yeye. Yale mengine mawili yamenuka jasho la waongo.

Kwenye bomba laini ilikuwa ndefu. Wanawake wawili watatu waliokuwa mbele walimwona Akal, wakamwita kwa jina la utotoni, wakaendelea kuteka. Nasike alikuwa bado mbali kidogo, anachechemea, na sauti yake ilisikika hadi darajani.

"Nyinyi. Hamuoni shingo? Mpisheni mke wa mtu."

Mitungi ikasogezwa. Wengine walicheka, mmoja akanung'unika, lakini ilisogezwa. Akal alipita akaweka wake chini ya bomba, na maji yakaanza kuingia. Yurgen, aliyechimbia Kakuma maji mengi kuliko mtu yeyote katika laini ile, akamfuata nyuma na mtungi wake.

Nasike akamshika mkono wa shati.

"Wewe unaenda wapi? Yeye amevaa pete. Panga laini."

Akarudi nyuma kabisa, akaweka mtungi chini, akangoja.